Babu Aondoke Mezani

Mjukuu wangu hutengeneza picha za mabango. Asubuhi hiyo alikuwa na picha ya soko jipya, kubwa ajabu, na wachapaji waliitaka kabla ya saa sita, la sivyo kazi apewe mwingine. Kompyuta ikawa inakwama kila akigusa.

"Bibi, kumbukumbu imejaa. Picha nilizofungua zinagombania nafasi."

Akazifunga zote, akabakiza moja: ya marehemu babu yake, ambayo hunifungulia nimtazame nikishona. Nayo ilikuwa kubwa, maana aliikuza ili aiondolee mikunjo. Kompyuta ikakwama tena.

"Na hiyo je?"

"Hiyo siifungi. Utaninunia."

"Ukiifunga inapotea?"

"Haipotei, nimeshaihifadhi. Inaondoka mezani tu."

"Basi mwondoe, mke mwenzangu! Hata alipokuwa hai, nikitaka kukata kitambaa kipana nilimfukuza mezani na kikombe chake."

Akacheka mpaka machozi, akaifunga. Kompyuta ikawa nyepesi, na saa tano na nusu soko likatumwa.

Sasa bango limesimama njia panda. Kila nikipita namshika mtu mkono, hata nisiyemjua: "Hilo ni la mjukuu wangu."