Pua ya Karakana

Katika karakana ile ya vidonge vya mitishamba, gunia halikuingia kinuni kabla Fundi Pua hajalinusa. Alilifungua, akazamisha uso, akavuta pumzi mara tatu, kisha akaitikia kwa kichwa. Akishaitikia, limepita. Kwa miaka kumi na minane watu walikiamini kichwa hicho kuliko mashine yoyote, nacho, tuseme kweli, kilimvimba kidogo.

Sasa ulikuwa mwezi wa nne hajanusa hata moshi. Sainasi ilimbana paji la uso tangu mvua zianze, na mtu asiyejua kazi nyingine atafanya nini? Alinyamaza. Kila asubuhi alimeza vidonge viwili vya kufungua pua, vilevile walivyotengeneza wenyewe, na mchana viwili vingine. Mganga hajigangi, lakini kujaribu si dhambi. Magunia aliyapitisha kwa kutazama rangi tu.

Ikaja tangawizi. Akavuta pumzi mara tatu, akaitikia. Wiki ya tatu chupa mia tatu za vidonge zilirudishwa zikinuka uvundo.

Mama mwenye karakana alimwita ofisini pamoja na dada wa kinuni.

"Dada, wewe ndiye uliyesaga. Hukusikia harufu?"

"Nilisikia, mama. Lakini Fundi alishaitikia. Nikajua pua yangu ndiyo mbovu."

Mama alishusha pumzi. "Hata mimi nilisikia. Nikajiambia ni unyevu wa mvua tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Fundi Pua ilikuwa imefika mwisho. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Sinusi kitu, mama. Tangu mvua zianze. Vidonge nimemeza mpaka nimechoka."

Mama hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke.

"Pumzika nyumbani kwanza, Fundi. Endelea na vidonge. Pua ikifunguka, nafasi yako ipo."

"Mama, umeviuza miaka yote hii. Nitajie mtu mmoja tu unayemjua, aliyevimeza pua ikafunguka."

Mama aliangalia rafu, akaangalia dirisha. Dada wa kinuni aliinamia viatu vyake. Wote watatu wakasubiri jina lije.

"Watu huwa hawarudi kusema," mama alisema mwishowe, akamnyooshea Fundi mkono arudishe funguo za ghala.