Nyongo Mkalia Ini

Mtaa mzima ulimwita Steki, ingawa nyama aliyouza zaidi ilikuwa ya mifupa. Miaka yote akiwa nyuma ya gogo lake, kisu mkononi, aliamini kwamba kilichomo tumboni hakina siri kwake. Ini hili, figo hizi, bandama ile pale. Lakini siku hiyo alisimama kando ya kitanda cha hospitali, aproni yenye madoa bado shingoni maana alikuja mbio, na daktari alipoanza kueleza, Steki hakuambulia kitu.

"Mkeo ana mawe kwenye kibofu nyongo, baba," alisema daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu.

"Kibofu? Mbona mkojo anapata vizuri tu?"

"Si kibofu cha mkojo. Hiki ni kingine, kifuko cha nyongo."

"Kumbe ana vibofu viwili?"

"Sote tunavyo. Hata wewe."

Steki alijishika tumbo. Mbuzi na ng'ombe alikuwa amewatoa nyongo mpaka hesabu imempotea, lakini haikuwahi kumpitikia kwamba naye anatembea na ya kwake. "Na hayo mawe? Kala mchele usiochambuliwa?"

Daktari hakucheka, na hilo lilimtia Steki wasiwasi kuliko mawe yenyewe. Alieleza tena, polepole. Mawe haya hayaliwi. Ni nyongo yenyewe iliyoganda. Sasa moja limetoka kwenye kifuko na kunasa katika mrija unaopeleka nyongo utumboni. Nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu, ndiyo maana macho ya mama yamekuwa ya manjano na homa haishuki. Inabidi wauzibue mrija na kukitoa kifuko, leo hii. Wakichelewa, wanaweza kumpoteza.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe amesema tukuulize wewe."

Mkewe alifumbua yale macho ya manjano. Mto wake ulikuwa umelowa jasho. "Wewe ndiye fundi wa nyongo," alisema kwa shida. "Ukisema sawa, nami sawa."

Lo! Heri angeambiwa akate ng'ombe mzima kwa wembe. Maana jambo moja Steki alilijua kwa hakika: nyongo haina mchezo. Zamani, akiwa bado anajifunza kazi, aliwahi kuitoboa kwa ncha ya kisu. Nyongo ikamwagika, na ini zima likawa la kutupwa. Waliosema mambo yametumbukia nyongo hawakusema kwa mzaha, na Steki alilijua hilo kuliko wao.

Alitoka koridoni kumpigia mama mkwe, akitafuta mtu wa kumpa moyo.

"Mama, wanataka kumtoa nyongo."

"Nyonga?" Simu ilikwaruza. "Mungu wangu! Atatembeaje?"

"Nyongo, mama. Nyongo!"

"Si ndiyo nasema nyonga! Kaanguka wapi? Na wewe ulikuwa wapi mwanangu akianguka?"

"Hajaanguka, mama. Ana jiwe."

"Nani kampiga jiwe?"

Mazungumzo yaliisha mama mkwe akilia na kuahidi kuja na mkongojo. Steki alibaki na simu mkononi, kichwa kimemvurugika kuliko mwanzo. Aliogopa kusema ndiyo, aliogopa kusema hapana, na daktari alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri.

"Ikipasuka je?" aliuliza hatimaye. "Ikimwagikia ini, mtafanyaje? Mimi ini la hivyo huwa nalitupa."

Daktari aliitazama aproni, akaelewa. "Inaweza kupasuka, baba, sikufichi. Ikipasuka tunaifyonza, tunaosha. Lakini ini la mtu aliye hai halitupwi. Hata nyongo yenyewe inatengenezwa humo humo ndani ya ini. Kifuko kinaihifadhi tu, kimeshikamana na ini hivi..." Alibandika ngumi chini ya kiganja.

"Najua kilivyokaa," alisema Steki.

Alijua mno. Tangu uchumba wao alimwita mkewe nyongo mkalia ini. Wenzake waliita wake zao asali na waridi. Yeye alilisikia jina hilo harusini kwa watu, akalipenda palepale kwa sababu alilielewa. Kitu kidogo kimejibanza kwenye ini, na kukibandua ni kazi. Sasa anaombwa akubali kibanduliwe.

"Kitoeni," alisema. "Ila taratibu, daktari. Usiende nacho kwa pupa."

"Tutajitahidi, baba."

Walimsukuma mgonjwa na kitanda chake, milango ikajifunga. Steki aliivua aproni, akaikunja madoa yakiwa ndani, akaipakata kwenye benchi kama mtoto. Aliomba Mungu bila kujua aombee kibofu, kifuko au mrija, mwishowe akaombea vyote.

Mkewe alipozinduka, midomo ilikuwa imemkauka. "Imepasuka?"

"Haikupasuka. Nimemwuliza daktari mpaka kanikimbia." Steki aliinama karibu naye. Kulikuwa na jambo limemkaa rohoni, na likamtoka. "Sasa nyongo haipo. Nitakuitaje?"

Mkewe alianza kucheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, nina mshono. Mume wangu, watu husema nyonga. Nyonga mkalia ini."

"Nyonga? Hii ya mguu?" Steki alijigusa ubavuni mwa kiuno. "Itafikaje kwenye ini?"

"Sijui. Ndivyo wanavyosema."

"Na miaka yote hii mimi nakuita..."

"Nyongo. Mbele ya harusi nzima. Shangazi zangu walicheka mpaka machozi."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Ungeona haya, usingeniita tena." Aliutafuta mkono wake juu ya shuka. "Hebu niite."

Steki alifungua mdomo. Neno sahihi alikuwa nalo sasa, amepewa bure, lakini ulimi ulikataa katakata kulitamka.

"Nyongo mkalia ini," alisema, akaanza kulia.

"Abee," aliitika mkewe.