Binti Abdalla

Kitabu cha nasaba ya ukoo wetu kilikuwa kiende kupigwa chapa Alkhamisi. Saud, binamu yangu, anayemwita mama Amma, yaani shangazi, amekihangaikia miaka mitatu. Mna majina ya wanaume zaidi ya mia nne, na safari hii, kwa mara ya kwanza, na mama zao pia. Jumapili alikuja kwetu Ibra, hapa Oman, kumsomea mama yangu ukurasa wake. Mama, Bi Kuruthum, ana miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Tabora, na macho yake siku hizi hayasomi.

"Kuruthum binti Marzouq," Saud alisoma. "Mama yake, Salma binti Abdalla bin Nasser."

"Abdalla gani huyo?" Mama akauliza.

"Amma, nimemtafuta mwaka mzima. Ni Mwarabu wetu, alifia Tabora, hakuacha mtoto anayejulikana. Kumbe alimwacha mama yako."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mama yangu alikuwa Mnyamwezi. Alisilimu alipoolewa, na baba yake hakuwa Muislamu, basi akaitwa binti Abdalla kama wenziwe wote waliosilimu. Mtaani kwetu walikuwapo binti Abdalla saba. Huyo Abdalla wako angekuwa na kazi kubwa."

Kwamba bibi yangu alikuwa na damu ya bara nilijua, kioo ninacho. Lakini mimi nami nilidhani baba yake alikuwa Mwarabu. Nyumbani hatukuwa tukiulizana.

"Na baba yake hasa aliitwa nani?" Saud akauliza.

Mama hakujua. Alikuwa na miaka kumi na miwili mama yake alipokufa.

"Basi, Amma, kama huna jina, mimi nabaki na la Abdalla. Siwezi kuacha pengo."

"Nikikuletea jina?"

"Kabla ya Alkhamisi, tutatazama."

Sikutaka alipate jina, na sababu ninayo. Mimi ni fundi wa pampu za maji, shule niliacha darasa la tano, na mtoto wangu Bader amechumbia kwa watu wa Nizwa. Baba wa msichana ameniuliza asili yetu mara mbili. Kwa adabu, lakini mara mbili. Mimi nilikuwa nimeridhika kabisa na Abdalla bin Nasser.

Mama akampigia simu Maram, binti yangu anayesoma chuo kikuu huko huko Nizwa. Mama alikumbuka jambo moja tu: mama yake alijifunza kushona kwa masista kabla ya kuolewa.

"Bibi, kama alikuwa kwa masista, labda walimbatiza," Maram akasema. "Na wao wanaandika kila kitu."

Akatafuta namba ya parokia huko Tabora, akampata karani, akampa jina la babu Marzouq na mwaka wa ndoa aliokuwa nao Saud. Nilimwambia aache, ana mtihani. Akasema mtihani umeahirishwa. Ulikuwa haujaahirishwa.

Jumanne mchana picha ikaingia kwenye simu yangu. Ukurasa wa daftari la ubatizo la mwaka 1937, maandishi ya Kilatini, na karani ametufasiria chini yake. Jina: Agata Kalunde, msichana wa miaka kumi na mitatu. Baba: Mihambo. Pembeni, kwa mwandiko mwingine: ameolewa na Marzuki, Mwarabu wa duka, kwa dini yao, 1944.

Nikamsomea mama.

"Kulikuwa na mzee akija na baiskeli, analeta asali," akasema. "Anakaa barazani, haingii ndani. Mama akimwita baba. Nikaambiwa huyo ni muuza asali, na mtu mzima yeyote huitwa baba." Akanigeukia. "Kwa nini alikuwa haingii ndani, Hamoud?"

"Sijui, mama."

"Unajua."

Saud alirudi Jumatano. Aliitazama ile picha muda mrefu, akaiweka simu chini.

"Amma, kitabu hiki kitasomwa Sur, Nizwa, Manah, kila mahali. Agata, Amma? Wallahi, Agata?"

"Sikukwambia uandike Agata. Hilo alipewa, na Salma alipewa. Andika Kalunde binti Mihambo, kisha uandike alisilimu, akaitwa Salma."

"Na nisipoandika?"

"Nitoe na mimi. Sema Marzouq alizaa wanne, hakuzaa watano."

"Haiwezekani. Watoto wako watakuwa hawana mama."

"Sasa umenifahamu."

Saud akanigeukia mimi. "Hamoud, mwenye kijana wa kuoa ni wewe. Yaani, sema wewe, nami nitaandika hilo hilo. Khalas."

Nilitaka kusema amwache Abdalla. Neno lilikuwa mdomoni. Mama hakunitazama wala hakunisihi. Alikuwa ameiokota simu, ameishika kwa mikono miwili, na ile picha haioni.

"Andika alivyosema," nikamwambia.

Saud alipoondoka tu nilimpigia yule mzee wa Nizwa, asije akasikia kwa wengine. Nikamwambia mama wa mama yangu alikuwa Mnyamwezi, binti wa Mihambo, na kwamba jina limo kitabuni. Alinishukuru kwa kumwambia mwenyewe. Akasema atazungumza na ndugu zake.

Kitabu kimetoka. Saud ameliandika jina vizuri, hakulificha kwa herufi ndogo. Bader hakusema nami siku mbili. Ya tatu alikuja kula, akaniuliza kama nilifikiri kabla ya kujibu. Nikamwambia nilifikiri.

Nizwa hawajapiga simu, na hii ni wiki ya tatu. Mama hamwulizi Bader habari hiyo. Anamwuliza Maram, kila siku akipiga simu, kama yule karani ameshawaona watoto wengine wa Mihambo.