Mtegaji Asiyejua Jibu

Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa upya, na intaneti ya simu ndiyo kwanza inashika vijiji vya Kasulu, pale mafundi redio na mafundi simu walipojipatia baraza lao mtandaoni, Kijiwe cha Mafundi. Lilikuwa jukwaa la maandishi matupu, na ukurasa wake ulifunguka kwa kujivuta kama ng'ombe anayepandishwa mlima. Hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura wala kwa namba ya simu. Walijuana kwa majina ya utani: Mzee wa Koili wa Tanga, Binti Risasi wa Mwanza, Mtu wa Nduta aliyechaji simu za wakimbizi kambini. Na Reverien, fundi wa kijiji kimoja upande wa Nyakitonto, aliyejiita Waya Mwekundu.

Utamu wa Kijiwe ulikuwa vitendawili. Fundi akishatibu ugonjwa mgumu wa redio au simu, alikuja kuwategea wenzake. "Kitendawili!" "Tega!" "Bibi anaimba lakini hasikii." Hapo watu walibahatisha, wakataniana, wakaulizana habari za mvua na za wakwe, na wakishindwa wakampa mtegaji mji. Naye akajidai kidogo na huo mji wake, kisha akatoa jibu: ni simu, spika nzima, maikrofoni imekufa. Aliyelijua mapema alinyamaza mpaka mji utolewe, maana kumharibia mwenzako kitendawili kulihesabiwa kukosa adabu. Swali kavu, la mtu mwenye shida tu, lingeweza kukaa siku mbili bila kuguswa. Binadamu ndivyo tulivyo, raha tunaikimbilia, shida tunaipa mgongo.

Reverien alikipenda Kijiwe kuliko chakula. Theodosia mkewe alishazoea kumwona anacheka peke yake na simu huku maharage yanaungua.

Masika hayo binti yao wa miezi minane, Ndayikeza, alishikwa na nimonia. Asubuhi walimfikisha zahanati ya kijiji, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi. Nesi Swaumu akamwekea mrija puani na kuwasha mashine ya oksijeni iliyokuwa ikitumia umeme wa jua. Mtoto akatulia, midomo ikarudi rangi yake, Theodosia akakaa chini na kumshukuru Mungu. Shukrani haijapoa mdomoni, mashine ikaanza kupiga kelele.

Swaumu alipiga simu Kasulu kuomba gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari limezama kwenye tope njiani na watu wanalisukuma.

"Baba Ndayikeza," alisema nesi, "wewe si fundi? Itazame basi."

Reverien alikuwa hajawahi kuona tumbo la mashine ya namna ile. Alifungua kifuniko kwa bisibisi aliyoitoa kwenye mkoba wa kazi asioachana nao. Kwanza ilikuwa ikipumua pande mbili kwa zamu, pss huku, pss kule. Sasa ilipumua upande mmoja tu, na hewa iliyofika puani kwa mtoto ilikuwa hewa hii hii tunayovuta sote.

Akakimbilia dirishani, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Na hapo ndipo alipokosea, tena kwa kupiga hesabu zake vizuri kabisa. Alijua swali kavu litalala. Alijua kitendawili hujaza watu papo hapo. Akaandika: "Kitendawili! Nina mapafu mawili, napumua kwa moja. Mashine ya oksijeni. Haraka jamani!"

Watu wakajaa kweli.

"Tega tumekusikia," aliandika Binti Risasi. "Tangu lini Waya Mwekundu amekuwa daktari?"

"Hilo ni friji la mjomba wangu," akadakia mwingine. "Nalo linapumua kwa pafu moja, la pili lina bia."

Reverien akaandika kwamba si mchezo. Wakacheka zaidi, kwa kuwa kila mtegaji husema si mchezo. Akaandika kuwa mtoto anaumwa. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ulipofunguka akakuta mtu anamsifu: "Leo kaja na maigizo kabisa!" Mzee wa Koili naye alikuwa ameandika neno moja tu, "Mh," la mtu aliyeshiba jibu na kulinyamazia.

Nyuma yake Theodosia alikuwa amempakata mtoto na kumpepea kwa kanga. Midomo ya Ndayikeza ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

"Reverien! Unachati? Mwana wanje anakufa, mwanangu, wewe unachati na watu?"

Aliona aibu, aliona hofu, aliwachukia wale marafiki zake wote wasio na sura, na bado hakuwa na wengine wa kuwaendea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa huo. Ndipo akaandika jambo ambalo mtegaji haandiki hata siku moja.

"Mji natoa mimi. Nawapa Nyakitonto, na nyumba yangu ichukueni. Mimi mtegaji sijui jibu. Mwanangu yuko kwenye hii mashine sasa hivi."

Vicheko vikakatika. Kisha Mtu wa Nduta akaandika: "Mungu wangu! Mutoto iko mzima? Bandugu zangu, mwenye kujua aseme!"

Na Mzee wa Koili, ambaye siku zote aliandika kwa mapozi, akaja mbio: "Ni vali, milango ya hewa. Ziko mbili, moja haifunguki. Fuata waya mwembamba unaoingia kwenye koili yake, hukatika pale pale kwenye mguu. Gusa kwa risasi ya kulehemu. Nisamehe mwanangu, nilijua tangu ulipotega. Nikasema niwaachie vijana wabahatishe."

Reverien hakumaliza kusoma. Akazima mashine, akaufuata waya, akaukuta umekatika, mwembamba kama unywele. Chuma chake cha kuunganishia alikipasha kwenye jiko la mkaa la nesi, akapuliza makaa mpaka machozi yakamtoka, akagusa risasi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikushika. Akawasha. Pss huku, pss kule. Kelele zikakoma na taa ya kijani ikawaka.

"Imepona!" alipaza sauti. "Mama Ndayikeza, imepona!"

Swaumu alikuwa ameinama juu ya mtoto. Aliweka sikio kifuani, akalihamisha kidogo, akaliweka tena. Alipoinuka aliyafumba macho ya mtoto, na Theodosia akaanza kulia kabla hajaambiwa.

Wakiwa bado hivyo, mlango ulisukumwa. Bibi mmoja aliingia amelowa mvua, mjukuu mgongoni, kifua cha mtoto kinakoroma kama cha mzee. Aliona kilio akasita mlangoni. Swaumu aliutazama mrija, akawatazama wazazi, akashindwa kuuomba. Theodosia ndiye aliyeutoa puani kwa binti yake, akaufuta kwa pindo la kanga, akamkabidhi nesi.

Mashine ilipumua. Mtoto wa mgeni akapumua nayo.

Simu ilikuwa imejaa maneno. Waya Mwekundu, vipi? Uko wapi? Reverien akaandika vidole vikiwa vizito: "Mashine imepona."

Kijiwe kikalipuka kwa furaha. Alhamdulillahi! Asifiwe Bwana! Binti Risasi alisema analia kibandani kwake mbele ya wateja. Halafu yakaja maneno ya Mzee wa Koili: "Mwanangu, ningekufa na dhambi hii. Mtoto anaitwa nani, nimtaje kwenye sala ya adhuhuri?"

Reverien alimtazama mkewe, bado amempakata Ndayikeza. Kisha akamgeukia yule bibi.

"Bibi, mjukuu wako anaitwa nani?"

"Venanti."

Akaandika: "Anaitwa Venanti."