Nusu ya Utabiri

Ghalib alimpigia Nelly simu siku ya Alhamisi kutoka ofisini kwake mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, akataka kujua hali ya hewa ya milimani itakuwaje mwisho wa wiki.

Haikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Nelly Sanga alikuwa binti wa Makete aliyepata ufadhili wa kuja Guangzhou kusomea hali ya hewa, na siku asizokuwa na vipindi aliwatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani waliokwenda viwandani. Ghalib, mtu wa Kariakoo, ndiye aliyekuwa wakala wao. Aliwapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, akawatafutia vyumba, akawapeleka kwa malaoban, mabosi wa Kichina wenye viwanda. Safari hii kiwanda kilikuwa cha mapazia ya mianzi, mbali ndani ya bara, ng'ambo ya milima ya Nanling.

Nelly alifungua kompyuta akasoma taarifa ya Kichina ya mikoa ya milimani, kisha akatazama ramani za mgandamizo wa hewa. Machi ilikuwa inaisha. Guangzhou kuta zilikuwa zinatoa jasho, na nguo zilizoanikwa tangu juzi zilikuwa bado na maji.

"Jumamosi asubuhi kutakuwa na jua," alimwambia Ghalib. "Tena joto, mtavua makoti. Lakini hilo jua msiliamini. Mchana hewa baridi inashuka kutoka kaskazini, na ikikutana na unyevu huu wa kusini itakuwa mvua ya mawe. Kule juu barabara inapokatiza mlima kutakuwa na ukungu, na jioni lami inaweza kushika barafu. Machipuko ya milimani yako hivyo, asubuhi na jioni ni kama misimu miwili. Nendeni Jumatatu. Baridi mtaikuta, ila anga itakuwa imetulia."

"Jumatatu," Ghalib alisema. "Sawa, dada Nelly. Nimekuelewa."

Nelly akafurahi, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na mtihani, na Jumatatu angeweza kwenda nao. Katika msafara alikuwemo Bi Mwanakhamis, na popote alipokuwa Bi Mwanakhamis, Nelly alipenda kuwapo. Mama huyu wa Unguja alikuwa akija Guangzhou mara nyingi kwa mwaka, na chumba chake cha kupanga kilikuwa kama nyumbani kwa wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo. Aliwapikia pilau Idd, akawapikia tena Krismasi. Nelly alipougua homa mwaka wake wa kwanza, ni yeye aliyepanda ngazi za bweni na chupa ya uji wa pilipili manga, akakaa naye mpaka akaumaliza.

Jumapili asubuhi simu iliita. Alikuwa Alphonce, kijana wa Mbeya aliyefanya biashara ya vipuri, naye alikuwa katika msafara.

"Nelly, tumepata ajali. Gari liliteleza mlimani jana jioni, likaingia mtaroni. Sisi wengine ni michubuko tu, lakini Bi Mwanakhamis amevunjika paja. Ndiyo kwanza tumefikishwa hospitali hapa Guangzhou."

"Jana? Mlikwenda jana?"

"Njoo kwanza," Alphonce akasema.

Nelly alimkuta Bi Mwanakhamis amelala chali, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito, uso umesawijika. Mtandio wake ulikuwa na damu iliyokauka pembeni.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanakhamis hakuitikia. Aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Mama, ni mimi, Nelly."

"Nakuona," alisema taratibu. "Sikujua kama nawe unaweza kunifanyia hivi. Ulisema jua. Mie nilikuwa sitaki kwenda, goti lilikuwa lanisumbua. Nikaambiwa, Nelly kasoma mitambo yake, kasema jua. Nikasema, kama kasema Nelly, basi twende."

Nelly alihisi masikio yanawaka. "Sikusema hivyo."

"Nenda, mwanangu. Nina maumivu. Sina nguvu ya kubishana."

Hilo neno mwanangu lilimchoma kuliko lawama yenyewe. Alitoka hadi ukumbini, akamkuta Alphonce ameegemea dirisha, mkono wake umefungwa bandeji.

"Ghalib aliwaambia nini?"

"Alisema umeangalia, Jumamosi kuna jua na joto, watu wavae nguo nyepesi. Na kweli asubuhi jua lilikuwa linachoma, hata Bi Mwanakhamis alivua sweta. Tulipoanza kupanda tu, mbingu ikawa nyeusi. Mawe yalipiga kioo mpaka kikapasuka. Dereva akataka kugeuza, Ghalib akamwambia songa, kiwanda kinafungwa jioni. Kisha ukungu, Nelly. Sikuona hata kofia ya dereva vizuri. Bi Mwanakhamis alikaa mtaroni kwenye ile baridi na kitenge chepesi, akisema shahada."

Nelly alishuka ngazi, hakusubiri lifti. Alphonce akamfuata nyuma akimwita, naye hakugeuka.

Walimkuta Ghalib katika mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, pale Wabongo walipozoea kula mchana. Alikuwa na plasta ndogo juu ya jicho, anakula wali kwa kondoo, akiwasimulia watu wa meza yake jinsi Mungu alivyowaokoa. Nelly alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake.

"Nilikuambia nini Alhamisi?"

"Dada Nelly, pole na hili. Kaa kwanza, agiza chai."

"Sikuja kunywa chai. Nilikuambia nini?"

Ghalib alifuta mikono, akatabasamu kwa wale wenziwe. "Ulisema Jumamosi asubuhi kutakuwa na jua. Na jua lilikuwepo. Mimi nimekulaumu? Sijakulaumu popote. Hali ya hewa ni kazi ya Mungu, mwanadamu anakisia tu."

"Usimsingizie Mungu," Nelly alisema. Sauti yake haikupanda, ila mkahawa mzima ulisikia. "Nilikuambia asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni barafu. Nilikuambia msipande. Ukajibu umenielewa. Ukachukua maneno yangu ukayakata katikati, nusu iliyokufaa ukaipeleka kwa watu ukaitia jina langu. Kwa nini hukuitia jina lako?"

"Laoban alinipigia. Alisema tusipofika Jumamosi nafasi yetu anampa mteja mwingine. Ningefanyaje?"

"Ungewaambia hivyo hivyo. Laoban anatuharakisha, na Nelly anasema njia ni mbaya. Wangeamua wenyewe. Bi Mwanakhamis asingekwenda, na wewe ulilijua hilo. Ndiyo maana ulinitaja."

"Nami nilikuwemo ndani ya gari," Ghalib alisema, na sasa hasira ilimpanda na yeye. "Ningependa kufa? Mwanafunzi tu unakuja kunivunjia heshima mbele ya watu kwa sababu ya mvua?"

Alphonce ndiye aliyejibu. "Dereva alitaka kugeuza, kaka. Nilikuwa nyuma yako. Nilikusikia."

Mmoja wa wale waliokuwa wakila na Ghalib alisukuma sahani yake mbele, akainuka akaenda kunawa, hakurudi kukaa. Ghalib alimtazama akienda.

"Unataka nini?" alimwuliza Nelly.

"Uende ukamwambie yeye. Siyo mimi nimwambie, uende wewe."

Ghalib alikwenda. Huenda ni aibu, huenda aliogopa maneno yatafika Kariakoo kabla yake. Nelly hakujali sababu. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamsikiliza Ghalib akizunguka, mara laoban, mara dereva, mara bahati mbaya.

"Hebu sema neno moja," Bi Mwanakhamis alimkatiza. "Mtoto huyu alikwambia tusende?"

"Alisema."

"Nawe ukanificha."

"Nilikuficha, mama. Nisamehe."

Bi Mwanakhamis alifumba macho. "Mie nimeuona mlima ule unageuka, nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu kanipeleka kufa. Usiku kucha nilimchukia huyu badala yako. Toka, Ghalib. Msamaha nitautafuta baadaye, sasa sina."

Alipotoka, Nelly akasogea kitandani. Alitarajia kufurahi, lakini hasira ilikuwa pale pale kifuani. Mguu ulikuwa bado umevunjika.

"Nisamehe nami," Bi Mwanakhamis alisema. "Ningekupigia simu mwenyewe. Namba yako ninayo."

"Huna kosa, mama."

"Ninalo. Nilikuamini kwa mdomo wa mtu mwingine, kisha nikakushuku kwa mdomo huo huo. Nisogezee maji."

Nelly alimnywesha, akamfungua ule mtandio wenye damu, akaenda kuufua bombani. Aliusugua kwa nguvu hata muuguzi akachungulia kuona kuna nini.

Madaktari waliporuhusu, mtoto wa Bi Mwanakhamis alikuja kumchukua arudi Unguja. Ghalib naye alifika uwanjani Baiyun siku ya safari, akabeba mabegi kutoka kwenye teksi, akayapanga kwenye toroli, akapita foleni nzima akiwa ameinamisha kichwa. Aliposogea karibu, alimsalimia Nelly. Nelly alimsikia vizuri. Aliendelea kusukuma kiti cha magurudumu.

"Mwitikie," Bi Mwanakhamis alinong'ona.

"Wewe umemsamehe?"

"Bado."

"Basi na mimi bado, mama."

Bi Mwanakhamis akacheka, mara ya kwanza tangu ajali, akaupapasa mkono wa Nelly uliokuwa juu ya mpini. Wakaendelea na foleni.