Ubavu wa Kijani

Kwa jina la Mola ajuaye la nje na la ndani. Mwaka wa hamsini na saba, kando ya ziwa la Naivasha, waliishi Darweshi, seremala aliyelazwa na maradhi ya kifua, mkewe Khamisa, na mdogo wake Ishak. Mashua aliyoiunda Darweshi kwa mikono yake ilikuwa uani, mbele ya dirisha lake, ikingoja rangi.

"Ipakeni kijani, kama mlango wa msikiti nilikosomea," alisema. "Nikipona nitaivulia samaki."

"Kaka, Wazungu hununua nyeupe," akajibu Ishak.

"Nani kakwambia nauza?"

Ishak akamtazama shemeji yake, naye akainamisha macho. "Haya, kijani," akasema Khamisa kwa upole.

Siku nne Darweshi aliutazama ubavu wa kijani uking'aa dirishani, akahisi pumzi zinamrudia. Siku ya tano, wenziwe wakiwa sokoni, alijikongoja hadi uani aishike mashua yake. Akaizunguka. Ubavu wa pili ulikuwa mweupe pe.

Khamisa alimkuta ameketi chini, mgongo ubaoni.

"Daktari aliwaambia miezi mingapi?"

"Miwili." Hakulia. "Kijani kingetushushia bei, mume wangu. Huu mmoja tungeupaka upya baadaye."

"Msingoje. Mvua ikianza, rangi haikauki vyema."

Kisha akainua viganja vyake.

"Yaa Rabbi," akaomba, "wabariki wanaobaki, uwajaalie mnunuzi mwema."