Mashine Haina Mwandiko

Mama yake Anyango alikaa kwenye ncha ya benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, mikono ameificha ndani ya khanga. Tangu alfajiri alikuwa Igogo akikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua nyama, na simu ya shule ilimkuta mafuta yako motoni. Alinawa kwa sabuni ya mche mara tatu. Harufu haikutoka. Kila mwalimu aliyepita, mama alizidi kuibana mikono mapajani. Anyango, aliyesimama kando yake, aliona aibu, kisha akajionea aibu kwa kumwonea mama yake aibu.

"Ingieni," alisema mkuu wa shule.

Mwalimu Mayala hakuwa mtu wa makelele. Waliomwogopa walimwogopa kwa upole wake. Aliitikia shikamoo ya Anyango bila kumtazama, akampa mama kiti, akamuuliza habari za biashara, na akasubiri mpaka akajibiwa. Ndipo alipoigeuza kompyuta yake iwatazame.

Kwenye kioo kulikuwa na barua kwa ofisi ya elimu. Anyango aliijua kabla hajaisoma. Programu ya kuchunguza kompyuta za wanafunzi ilikuwa imeipiga picha arobaini na moja, moja kila nusu dakika. Katika picha ya kwanza palikuwa na neno "Ndugu" peke yake. Katika ya saba palikuwa na sentensi aliyoiandika kwa hasira kisha akaifuta. Hata hiyo walikuwa nayo.

"Mama, unajua kusoma?"

"Kidogo tu, mwalimu. Jina la mtoto nalijua."

"Basi nikusomee." Akasoma taratibu, kama msomaji wa Jumapili kanisani. "'Queen Shimba si mtoro. Siku ile Kidato cha Tatu B wote tulipandishwa kwenye lori la Kenta tukapelekwa Usagara kupanda mpunga katika shamba la mkuu wa shule. Kenta iliruka tuta, Queen akaanguka, akavunjika mguu. Kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa mtoro siku ile na siku zote tangu hapo. Zikitimia siku tisini atafutwa shule. Leo ni ya sitini na nane. Tunaomba mje mtuulize mmoja mmoja.'"

Mama aliinamisha kichwa. Queen alikuwa mtoto wa jirani yake, chumba cha pili uani, na mama ndiye aliyempokea binti huyo siku aliporudishwa na bodaboda akiwa amezimia kwa maumivu. Kwenye ukuta wa darasa lao wameandika kwa rangi ya bluu: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Queen alisikia la mkuu, akapanda Kenta, na guu likavunjika vilevile.

Nje ya ofisi hiyo kuna sanduku la maoni lenye kufuli. Mwaka jana mtu alitumbukiza karatasi kulalamikia uji wenye wadudu. Walimu walikusanya madaftari ya shule nzima, wakakaa kulinganisha mwandiko, na kufikia saa sita mchana mwenye karatasi alikuwa mstarini anachapwa. Mwalimu anayesahihisha kazi zako miaka mitatu anaujua mwandiko wako kuliko sura yako. Tangu siku hiyo sanduku lina manyigu tu.

Ndiyo maana Anyango aliamua kupiga chapa. Mashine haina mwandiko. Kwamba kompyuta za wafadhili zinachunguzwa, hilo kila mwanafunzi alilijua, lakini wote waliamini kinachochunguzwa ni mtandao. Kwa hiyo alingoja siku bando la shule limekwisha, akaandika, akahamishia kwenye flashi ili akaiprinti mjini, akafuta kila kitu kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwambia kwamba picha hazihitaji bando. Zilipita kwenye waya, zikavuka uwanja, zikaingia ofisi ya mkuu. Flashi yenyewe walimnyang'anya getini, na sasa ilikuwa mezani karibu na kikombe cha chai.

"Barua ilikuwa yangu, mkuu," alisema Anyango. "Sijaituma popote."

"Yako? Kompyuta ya nani? Umeme wa nani?" Mwalimu Mayala akafungua faili, akatoa fomu ya mzazi kukubali kompyuta zichunguzwe, akaisogeza mbele ya mama. "Hiki kidole gumba cha nani, mama?"

Mama alikitazama. Aliikumbuka siku ya kikao cha wazazi, foleni ndefu juani, kibweta cha wino. "Ni changu. Lakini mlisema ni ya kuwakinga watoto na mambo machafu."

"Na haya ni safi?"

Mama aliiangalia tena ile alama ya wino.

"Hili ni kosa la mtandao, mama. Likifika polisi, mimi mkono wangu haumo tena."

"Siku ile mtandao haukuwepo," alisema Anyango.

Mkuu wa shule akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umemsikia? Alichagua siku."

Akaegemea kiti. Alisema yeye ni mzazi pia. Alisema hapendi kumfukuza mtoto aliyebakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa mwisho. Aandike maelezo mafupi tu, kwa mkono wake mwenyewe, na mambo yaishe hapa hapa. Karatasi ofisini hakuna, atumie daftari lake.

Anyango alitoa daftari la baiolojia, akalipakata. Kalamu haikutembea.

"Andika, mwanangu," alisema mama.

"Mama, unajua Queen alikuwemo. Wewe ndiye uliyemshusha kwenye bodaboda."

"Najua. Andika."

Mkuu alimtajia maneno, naye Anyango akaandika, akiikandamiza kalamu mpaka vidole vikamuuma. Alipomaliza, mama alitoa mkono kwenye khanga, akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Mwalimu Mayala alichana ukurasa taratibu kwa kutumia rula, akautia ndani ya faili, akamrudishia daftari.

"Masomo mema," alisema.

Walipofika uani, mama alipita moja kwa moja kwenye jiko lake akaanza kuchochea kuni. Mlango wa pili ulikuwa wazi kama kila siku. Queen alikuwa ameketi juu ya godoro, mguu umenyooshwa, peni ameichomeka kwenye nywele. Siku zote hizo alikuwa akinakili kutoka madaftari ya Anyango kila kilichofundishwa, asije akarudi shule akiwa nyuma ya wenzake.

"Leo mmeandika nini?" akauliza, mkono ameshaunyoosha.

Anyango alitaka kusema amelisahau daftari shuleni. Lakini lilikuwa mkononi mwake, na Queen alishalishika.

Queen alifunua ukurasa wa jana, akafunua wa leo. Ulikuwa mweupe. Akapitisha kidole pale ukurasa ulipochanwa, kisha kidole kikashuka kwenye ukurasa mweupe, kikasimama. Akaliinamisha daftari kuelekea mwanga wa mlangoni, kwenye alama zilizoachwa na kalamu.

"Mwandiko wako huu," alisema. Akaanza kusoma polepole, neno moja moja, kidole kikifuata. "'Mimi Anyango Okeyo... nakiri kwamba... Queen Shimba... hakuwemo kwenye gari.'"